Daftari la Mlangoni

Kikao cha saa tatu kilianza saa nne na robo,
maana ufunguo wa chumba cha walimu ulikuwa Mumias,
mfukoni mwa mtu aliyekwenda kufuatilia basari.
Tukaketi maabara, juu ya stuli ndefu,
miguu ikining'inia kama ya watoto wa chekechea:
bodi, walimu, na mimi, mwandishi wa kumbukumbu.
Bi. Osundwa, Mwalimu Mkuu, alibandika karatasi pana
juu ya jedwali la elementi,
akaandika: MPANGO MKAKATI, MIAKA MITANO.
Chini yake: wastani, tatu nukta moja.
Akachora mshale.
Tano nukta tano.

Mshale mzuri ule, umenyooka.
Haukukanyaga tope la njia ya Emakhwale,
haukuvuka Lusumu mto ukiwa umefura,
haukurudishwa nyumbani kuleta karo.

"Tutafikaje?" akauliza mwenyekiti, Mzee Rapando,
na maneno makubwa yakaanza kutiririka:
uwajibikaji, ufanisi, utamaduni wa ubora.
Naibu alitaka tuwe kitovu cha umahiri.
Wangatia wa Kemia alitaka kichomeo kimoja kinachowaka.
Niliandika yote. Kalamu haibagui.

Ndipo Makomere, bawabu, akabisha hodi
kuuliza nani atatia sahihi ya kuni.
Akaiona karatasi. Akausoma ule mshale
kwa kidole, hewani, kutoka mbali.
"Hawa watoto mnaowapandisha," alisema,
"mimi nawaandika wanapoingia."
Akatoa kotini daftari la mraba, jalada limepauka.

Jumatatu. Nekoye, kidato cha pili. Saa mbili na nusu. Maziwa.
Jumatatu. Shiundu, kidato cha nne. Saa tatu. Trekta la miwa.
Jumanne. Shiundu. Trekta.
Jumanne. Atsieno, kidato cha tatu. Viatu.
Hakufafanua. Viatu, basi.
Jumatano. Hakuna.

"Jumatano walifika mapema?" Naibu akafurahi.
"Jumatano ni soko," alijibu Makomere. "Hawakufika."

Kimya. Bomba la sinki lilidondoka,
tone, tone, kama mtu anayehesabu.
Bi. Osundwa alihesabu kweli, ukurasa kwa ukurasa,
midomo ikicheza bila sauti:
katika mia tatu na kumi na wawili,
tisini na wanne huingia kipindi cha kwanza kimekwisha.
Akageuka kutazama ratiba ukutani.
Kipindi cha kwanza, Jumatatu hadi Ijumaa: Hisabati.
Kwa sababu asubuhi akili ni safi.
Sote tulikubaliana hivyo, mwaka ule.

Mimi ndimi mwalimu wa Hisabati.
Kwa miaka sita nimewaambia "chelewa chelewa"
mpaka methali yenyewe ikachoka.
Nimeandika kwenye ripoti ya Shiundu: mzembe.
Nimeandika kwa wino mwekundu, nikapiga mstari chini.

Kalamu ile haifutiki, kwa hiyo
tano nukta tano ilikatwa tu, bado ikionekana,
na pembeni yake tatu nukta sita.
"Nusu alama?" Mzee Rapando alisimama.
"Fomu ya kaunti ina visanduku kumi na viwili vya malengo!
Tutajaza nini? Viatu?"
"Viatu," alisema Bi. Osundwa, akaandika viatu.
Kisha: Hisabati iende saa tano.
Kisha akasita, akaandika trekta,
akaweka alama ya kuuliza, kubwa,
kwa kuwa mwenye trekta ni mjumbe wa bodi
na alikuwa ameketi pale pale, karibu na dirisha,
akichunguza kucha zake.

Visanduku tisa vilibaki vitupu.

Makomere alipoulizwa kama ana neno
alisema daftari limebakiza kurasa nne.
Nikaandika hilo pia, mahali pa maazimio:
daftari moja, kurasa mia mbili.
Mhusika: mimi.
Tarehe ya kukamilisha: leo.
Kuni zilikuwa bado hazijatiwa sahihi.